Nani humweka kiongozi, na nani humuuliza? Somo kutoka Mtendeli na nyanda za Buha

Ijumaa hii tunapenda kulizungumza jambo ambalo majumbani mwetu husemwa nusunusu, mara kwa hasira na mara kwa mzaha, na ni nadra kusemwa kwa elimu. Jambo lenyewe ni namna watu wa eneo wanavyompata mkuu wa utendaji wao, na namna wanavyolipata baraza linaloketi kuamua mambo yao.

Mwulize mwananchi wa Kibondo, Kakonko au Kasulu jina la mbunge wake, atalitaja bila kusita. Mwulize diwani wake ni nani, naye atamtaja. Lakini mwulize Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri amepatikanaje, ni nani mwenye haki ya kumhoji, na ni kikao gani kinachopitisha fedha za zahanati ya kijiji chake, hapo wengi wetu hunyamaza. Kunyamaza huko kuna gharama yake. Kisima kinapoharibika na kukaa miezi bila kutengenezwa, tunamlaumu tusiyestahili kumlaumu, tunamwomba asiye na uwezo wa kutoa, na yule mwenye dhamana anapita salama kwa kuwa hakuna aliyemjua.

Kwa ajili hiyo tumeona tuiweke mizani nyepesi ambayo hata kijana wa darasa la saba anaweza kuibeba. Kila unapoonyeshwa kiongozi, uliza maswali matatu. La kwanza, nani amemweka? La pili, analazimika kushauriana na nani? La tatu, nani anaweza kumwuliza, na ikibidi kumwondoa? Tutaipima kwa mizani hiyo ardhi moja tu, nyanda za juu za Kigoma, kisha tutazame kwa Masahaba na kwa majirani zetu, ili tuone tumesimama wapi.

Baraza lisilo na kauli ya mwisho

Tuanze na Mtendeli, mahali panapojulikana vizuri na wakazi wa nyanda hizo. Leo pako katika Wilaya ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Katika miaka ya 1990, Burundi ilipoingia katika vita baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, eneo la Kibondo lilipokea wakimbizi kwa maelfu, na Mtendeli ikawa miongoni mwa kambi zao pamoja na Kanembwa na Nduta. Amani iliporejea kambi hiyo ilifungwa. Kisha mwaka 2015 Burundi ikatikisika tena kutokana na mgogoro wa Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Kambi ya Nyarugusu, iliyoko upande wa Kasulu, ikazidiwa na watu, na mwezi Januari 2016 Mtendeli ikafunguliwa tena ili kuipunguzia mzigo. Mwishoni mwa mwaka 2021 ikafungwa kwa mara nyingine, na waliokuwa bado humo wakahamishiwa Nduta.

Ndani ya kambi kama hiyo kuna utawala kamili, ingawa wengi hatuufikirii hivyo. Kuna mkuu wa kambi, ambaye ni mtumishi wa Serikali aliyewekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kando yake lipo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, pamoja na mashirika yanayoshughulikia chakula, maji, tiba na elimu. Na wapo viongozi wa wakimbizi wenyewe, wanaochaguliwa na wenzao kufuatana na mgawanyo wa kambi, kuanzia makundi ya nyumba hadi kanda, na juu yao mwenyekiti wa kambi. Hao ndio wanaopeleka malalamiko ya mgao, wanaosuluhisha ugomvi wa majirani, na wanaoitwa mama anapokosa jina lake katika orodha.

Sasa tuyaulize maswali yetu matatu. Mkuu wa kambi amewekwa na Serikali, na anawajibika kwa Serikali. Viongozi wa wakimbizi wamewekwa na wakimbizi, na wenzao wanaweza kuwahoji kila asubuhi kisimani. Lakini hao waliochaguliwa hawana kauli ya mwisho juu ya jambo lolote kubwa. Hawapangi kiasi cha mgao, hawatoi kibali cha kutoka nje ya kambi, na uamuzi wa kuifungua au kuifunga Mtendeli haukuwa mikononi mwao. Hatusemi hivyo kwa lawama, maana mkimbizi ni mgeni na mwenye nchi ndiye mwenye dhamana ya nchi yake. Tunachotaka kionekane ni kwamba mtu anaweza kupiga kura, akapata kiongozi mwema kabisa, na bado mambo makubwa ya maisha yake yakaamuliwa na mwingine ambaye hakumchagua na hawezi kumwuliza.

Wakimbizi hao walikuja pia na mila yao ya uongozi. Kwa Warundi kuna wazee waitwao abashingantahe, ambao tangu zamani walikuwa wakisuluhisha migogoro na kuamua kesi za vijiji. Mzee hakufika daraja hiyo kwa kurithi peke yake. Aliangaliwa mwenendo wake kwa muda mrefu, ukweli wake na uwezo wake wa kuitunza siri, kisha akasimikwa hadharani mbele ya watu. Hili nalo ni somo: ziko jamii zilizojua kupima tabia kabla ya kukabidhi madaraka.

Mwami, watware na wateko

Wenyeji wa nyanda hizo, Waha, ambao lugha yao inakaribiana sana na Kirundi, nao walikuwa na utaratibu wao. Buha haikuwa dola moja. Ilikuwa na himaya kadhaa, zikiwemo Heru iliyo upande wa Kasulu, Muhambwe iliyo upande wa Kibondo, na Buyungu iliyo upande wa Kakonko. Kila himaya ilikuwa na mwami wake. Chini ya mwami walikuwapo watware waliosimamia sehemu za nchi, na pembeni yao walikuwapo wateko, wazee wa koo za asili waliokuwa na dhamana ya ardhi na mila zake.

Nani alimweka mwami? Nasaba. Alizaliwa katika ukoo wa kutawala, na mtu wa kawaida hakuwa na kauli katika jambo hilo. Alishauriana na nani? Hapo ndipo penye faida. Mwami hakuweza kwenda mbali bila watware, na katika mambo ya ardhi wateko walikuwa na nafasi ambayo haikutoka kwake. Wahenga wetu walisema penye wazee haliharibiki neno. Urithi ulimpa mtu kiti, lakini wazee walimwekea mipaka. Ama swali la tatu, la kumwuliza na kumwondoa, mwananchi mnyonge alikuwa na silaha moja kubwa, nayo ni miguu yake: akidhulumiwa, alihamia kwa mtawala mwingine.

Ukoloni uliivunja mizani hiyo. Wajerumani waliwatumia watawala wa jadi kwa kazi zao. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916, wakaishikilia hadi mwaka 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya mamlaka za wenyeji, na watawala wa jadi wakaingizwa rasmi katika serikali ya kikoloni. Kuanzia hapo mwami akawa na mabwana wawili, watu wake na Bwana Shauri. Aliyetambuliwa na serikali aliketi, na asiyetambuliwa aliondoka. Jibu la swali la kwanza na la tatu likahamia ofisini kwa mzungu, na nguvu ya wazee ikapungua.

Tusisahau pia kwamba katika miaka ya mwisho ya ukoloni kiti cha Heru kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Wanaodhani kwamba uongozi wa mwanamke katika nchi yetu umeletwa na semina za mijini na waitazame historia ya Kasulu. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, mamlaka ya machifu yalifutwa nchini kote, na historia ya watawala wa kurithi ikafungwa kiserikali.

Gavana na mabaraza yake

Juu ya mamwami na machifu wote hao alikuwapo Gavana wa Tanganyika. Yeye aliwekwa na Mfalme wa Uingereza. Alikuwa na Baraza la Utendaji la kumshauri, na mwaka 1926 likaanzishwa Baraza la Kutunga Sheria. Wajumbe wote wa baraza hilo waliteuliwa, na hakukuwa na Mwafrika hata mmoja. Ilipofika mwaka 1945 ndipo walipoteuliwa Waafrika wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Kwa hiyo kwa karibu miaka ishirini nchi ya mamilioni ya Waafrika ilitungiwa sheria na baraza lisilokuwa na sauti yao.

Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa baraza hilo ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, kwa utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi katika TANU waliuchukia utaratibu huo, na mkutano wao wa Tabora wa Januari 1958 uliamua, baada ya mabishano makali, kwamba waingie. Mwaka 1960 TANU ikashinda viti 70 kati ya 71, Mwalimu Julius Nyerere akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Tunalikumbusha hili kwa sababu vijana wetu wengi wanadhani kura ni kitu cha kawaida kama chumvi jikoni. Wazee wetu hawakuikuta. Waliipata kwa kujadiliana, kwa kuvumilia utaratibu wenye kasoro na kuutumia mpaka ukazaa ulio bora.

Halmashauri ya leo

Tufike sasa mahali tunapoishi. Baada ya Uhuru, serikali za mitaa hazikupita njia iliyonyooka. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa mpango wa madaraka mikoani. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha, na mwaka 1984 zikaanza kazi tena. Katika wilaya zetu za Kigoma mamlaka yamepangwa kama ifuatavyo.

Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais, naye ni mwakilishi wa Serikali Kuu. Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ndiye mkuu wa shughuli za kila siku za Halmashauri, mwenye kusimamia watumishi na fedha, naye hachaguliwi na wananchi wala madiwani. Huteuliwa kutoka ngazi ya taifa, na katika miaka ya karibuni uteuzi wa wakurugenzi umekuwa ukitangazwa kuwa ni wa Rais. Madiwani huchaguliwa na wananchi katika kata kila baada ya miaka mitano, wakiongezewa wanawake wa viti maalumu, na wabunge wa eneo ni wajumbe pia. Madiwani humchagua mwenyekiti miongoni mwao. Mkurugenzi huwa katibu wa Baraza hilo.

Tuyarudie maswali yetu. Baraza limewekwa na wananchi. Mtendaji amewekwa na Serikali. Baraza hupitisha mipango na bajeti, hupokea taarifa na humhoji Mtendaji, lakini ajira yake haiko mikononi mwao. Madiwani wakipishana naye, wanaweza kupitisha azimio na kulipeleka juu, kisha wasubiri.

Wapo wanaoutetea mpangilio huu, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema mtaalamu aliyeteuliwa na kuhamishika hafungwi na koo za wilaya, wala hana deni la kampeni, na Serikali inaweza kumhamishia mahali palipozorota. Wapo pia wanaoupinga, wakisema mtu hutazama upande ule unaompa mkate, na kwamba Mtendaji aliyewekwa na walio juu atawahi kuwaridhisha walio juu. Ubishi huo uliwahi kufika mahakamani kwa sura nyingine, yaani kama wakurugenzi wanafaa kusimamia uchaguzi. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyowapa kazi hiyo ilikwenda kinyume na Katiba, na mwezi Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mwaka 2024 Bunge likatunga sheria mpya ya uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, na suala la nani asimamie kura likawa miongoni mwa yaliyojadiliwa sana.

Sisi hatukukusudia kuumaliza ubishi huo hapa. Tunataka msomaji ajue tu kwamba upo, na kwamba kila njia ina faida yake na hatari yake.

Njia walizopita Masahaba

Huenda msomaji akauliza, je, dini imetuwekea njia moja? Historia yetu inajibu kwa uwazi. Qur'ani Tukufu ina sura nzima iitwayo Ash-Shura, maana yake mashauriano, na wanazuoni wameyahesabu mashauriano kuwa ni msingi. Lakini namna ya kuyafanya haikufungwa katika sura moja.

Mtume (s.a.w.) alipofariki mwaka 632, Ansari na baadhi ya Muhajirina walikutana katika ukumbi wa Banu Saida, wakajadiliana, kisha Abubakar (r.a.) akapewa kiapo cha utii, na kesho yake watu wakamuunga mkono msikitini. Abubakar alipokaribia kufa mwaka 634 alimpendekeza Umar (r.a.), lakini kwanza aliwauliza Masahaba wakubwa wanamwonaje. Umar alipojeruhiwa mwaka 644 hakumtaja mtu mmoja. Aliwaachia kazi hiyo watu sita: Uthman, Ali, Talha, Zubeir, Abdulrahman bin Auf na Saad bin Abi Waqqas. Abdulrahman alijitoa katika kugombea, akazunguka Madina kuwauliza watu rai zao, mwishowe Uthman (r.a.) akapewa kiapo. Ali (r.a.) aliwekwa mwaka 656 kwa kiapo cha watu wa Madina katika wakati wa fitina. Ndugu zetu wa Kishia wana mtazamo wao kuhusu nani alistahiki kwanza, na tunauheshimu undugu wetu nao.

Angalieni, ndugu zangu. Makhalifa wanne, na njia zao hazikulingana: mkutano, pendekezo, kamati ya watu sita, na kiapo cha watu wa mji. Kilichobaki palepale ni kuwauliza watu, na kiapo kilichofungamana na sharti la uadilifu. Abubakar alipowahutubia watu kwa mara ya kwanza, aliwataka wamsaidie akienda sawa na wamnyooshe akipinda. Kwa maneno mengine, yeye mwenyewe ndiye aliyelifungua swali letu la tatu. Baada ya Muawiya kumrithisha mwanawe Yazid, mwaka 680, kiti kikawa cha nasaba, na wanazuoni wa zama zilizofuata, kama Al-Mawardi aliyefariki mwaka 1058, wakajitahidi kuandika masharti ya mtawala na ya wale wenye haki ya kumchagua, ili msingi usipotee kabisa.

Majirani zetu wamefanyaje?

Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, iliamua mkuu wa utendaji wa eneo achaguliwe moja kwa moja na wananchi. Tangu uchaguzi wa Machi 2013 kila moja ya kaunti 47 ina gavana wake. Gavana huunda kamati yake ya utendaji, lakini majina hupita kwanza katika bunge la kaunti. Bunge hilo linaweza kumshtaki gavana, na Seneti ndiyo inayoamua, kama ilivyomwondoa gavana wa Nairobi, Mike Sonko, Desemba 2020. Njia hiyo inajibu maswali yote matatu kwa uwazi, ingawa nayo imeleta kampeni za gharama kubwa na ugomvi wa mara kwa mara kati ya magavana na mabunge yao.

Zanzibar nayo ina historia yake. Baraza la Mapinduzi liliingia madarakani kwa Mapinduzi ya Januari 1964, bila kura. Baraza la Wawakilishi lilianza mwaka 1980. Baada ya miaka ya mivutano ya uchaguzi, wananchi walipiga kura ya maoni mwezi Julai 2010 na kukubali serikali ya umoja wa kitaifa. Leo Rais wa Zanzibar huchaguliwa kwa kura, naye ndiye mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi.

Mbali zaidi, Hong Kong iliyo chini ya China ina njia ya katikati: mtendaji mkuu huchaguliwa na kamati ya watu wapatao 1,500, kisha serikali ya Beijing humteua rasmi. Wakazi walio wengi hawamo katika kamati hiyo. Kwa hiyo hata kamati inahitaji kuulizwa: wajumbe wake nao waliwekwa na nani? Wale sita wa Umar walijulikana na kila mtu Madina, na hata hivyo mmoja wao alipita nyumba kwa nyumba kuuliza.

Kiti tulichokiacha

Sasa tunafika kwenye nia ya makala haya. Katika utawala wetu wa wilaya, pako mahali pamoja ambapo majibu yote matatu yamewekwa mikononi mwa mwananchi wa kawaida. Mahali hapo ni kijiji. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, wanaume kwa wanawake. Mkutano huo ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa. Unatakiwa kukutana kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi ya kijiji husomwa. Ni kweli kwamba Mtendaji wa Kijiji huajiriwa na Halmashauri ya Wilaya, lakini anasimama mbele ya mkutano huo akitoa taarifa.

Mwami hakutupa haki hiyo. Gavana hakutupa. Mkimbizi wa Mtendeli, aliyesimama kwenye foleni ya maji akiwa na kiongozi mwema asiye na uwezo, angeiona kuwa ni neema kubwa. Na sisi tuliopewa tunafanya nini? Mwenyekiti anaita mkutano, watu wachache wanafika, wengine wako shambani, wengine barazani wakicheza bao, na kina mama wameambiwa wabaki jikoni. Akidi haitimii, mkutano unaahirishwa, taarifa ya fedha haisomwi. Miaka mitano baadaye tunalia kwamba tumeonewa.

Yapo pia makosa yasiyo ya mwananchi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, na vijiji vingi mno vilipata viongozi waliopita bila kupingwa. Kura isiyokuwa na wa kumchagua ni kama duka lenye bidhaa moja. Haki inawataka wasimamizi wa uchaguzi wamche Mungu katika fomu wanazozipokea na wanazozikataa, maana dhamana ni amana, na amana itaulizwa.

Lakini hata pale mgombea alipopita peke yake, mkutano mkuu wa kijiji bado upo. Swali la kwanza likijibiwa vibaya, la pili na la tatu bado liko wazi. Kwa hiyo tunazinasihi familia zetu mambo machache. Baba na mama waijue tarehe ya mkutano wa kijiji kama wanavyoijua tarehe ya ada ya shule, na waende wote wawili, maana anayeteka maji ndiye anayejua kisima kimeharibika lini. Vijana waliosoma wajitolee kuisoma taarifa ya fedha kwa sauti na kuwaeleza wazee. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Mwenye nafasi na aende akasikilize diwani wake anasema nini, au kama anasema chochote. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti juu ya serikali za mitaa. Maimamu na walimu wa madrasa na waitafute sehemu inayohusu wilaya yao, wawafahamishe watu bila matusi wala ushabiki wa chama.

Na tunapouliza, tuulize kwa adabu. Kuuliza si uasi, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kiongozi mwadilifu hufurahi anapoulizwa kwa sababu swali humpa nafasi ya kuonyesha kazi yake. Yule anayekasirika kwa swali la mapato na matumizi, amekwisha kujibu.

Hatuwezi sote kuwa wakurugenzi, wala hatutachaguliwa sote kuwa madiwani. Lakini kila aliyetimiza miaka 18 katika kijiji chake ni mjumbe wa baraza ambalo hakuteuliwa na mtu wala hatastaafu. Kiti hicho kipo chini ya mwembe, na mkutano ujao hauko mbali. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wenye huruma, washauri wenye ukweli, na raia wasiochoka kuuliza. Amin. Wabillahi tawfiq.